Anayeshika mali kabla haijagawiwa

Katika ripoti za sheria za Tanzania za mwaka 1994 imo hukumu ya Mahakama ya Rufani, Mohamed Hassani dhidi ya Mayasa Mzee na Mwanahawa Mzee. Ugomvi ulihusu nyumba ya marehemu iliyouzwa na msimamizi wa mirathi. Mahakama ilieleza jambo ambalo familia nyingi hazilijui hadi linapozifika: sheria haimlazimishi msimamizi kupata ridhaa ya warithi wote kabla ya kuuza mali ya marehemu. Akishateuliwa na mahakama, mali iko mikononi mwake. Warithi wanaweza kumdai hesabu, wanaweza kuomba avuliwe usimamizi, wanaweza hata kumshtaki, lakini hayo yote huja nyuma, wakati nyumba imeshapata mwenyewe mwingine.

Naanza na hukumu hiyo kwa sababu tukizungumzia mirathi tunakimbilia swali la nani apate nini. Tunagombana juu ya mafungu. Ila kuna swali lingine linalotangulia, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama mafungu hayo yatawafikia wenyewe: tangu siku mtu anapofumba macho mpaka siku kila mrithi anapokabidhiwa chake, mali inashikwa na nani, na huyo anahojiwa na nani? Kipindi hicho kwetu huchukua miaka. Wosia, wakfu, udhamini, hata kampuni ya familia, vyote ni njia za kulijibu swali hilo mapema, mwenye mali akiwa hai na akili zake timamu.

Kabla ya kufika huko ni lazima tupite kwenye sheria, maana Tanzania Bara haina sheria moja ya mirathi. Ziko tatu zinazotumika zaidi. Ipo sheria ya mila, iliyoandikwa katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Ipo sheria ya Kiislamu. Na ipo Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa na wakoloni na kubaki, ambayo mahakama huitumia hasa kwa Wakristo na wengine walioacha kuishi kimila.

Tofauti zake zionekane kwa shilingi. Tuseme baada ya madeni na gharama za maziko imebaki nyumba moja yenye thamani ya shilingi milioni 96. Marehemu kaacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Wazazi wake walishatangulia, na hakuacha wosia. Kwa sheria ya Kiislamu mjane anapata thumuni, yaani milioni 12. Zinazobaki milioni 84 zinagawiwa mafungu saba: kila mtoto wa kiume mafungu mawili, milioni 24, na kila binti fungu moja, milioni 12. Kwa sheria ya 1865 mjane anachukua theluthi, milioni 32, na watoto wote watano wanagawana theluthi mbili sawa kwa sawa, milioni 12.8 kila mmoja. Kwa kanuni za mila za 1963, mtoto wa kiume wa kwanza yuko daraja la juu na fungu lake ndilo kubwa kuliko yote. Wa kiume aliyemfuata yuko daraja la pili. Mabinti wako daraja la tatu, na ardhi ya ukoo wanaitumia bila ruhusa ya kuiuza. Mjane hana fungu kama marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Kanuni inasema atatunzwa na watoto wake, kwa kuwa na yeye aliwatunza.

Nyumba ni ileile na watoto ni walewale, lakini mjane anaweza kuondoka na milioni 32, au 12, au akabaki anategemea huruma ya wanawe. Nani huamua sheria ipi itumike? Mahakama hutazama kabila la marehemu, dini yake, na namna alivyoishi. Sheria inayoelekeza mahakama zetu zitumie sheria gani inataja wazi kwamba maneno ya marehemu mwenyewe, ya mdomo au ya maandishi, pamoja na matendo yake, yanaweza kuonyesha kwamba alitaka mirathi yake iendeshwe kwa sheria ya Kiislamu. Kwa hiyo mstari mmoja wa maandishi unaosema unafuata sheria gani unaweza kuwaokoa wanao na ugomvi wa mwanzo kabisa, ule wa kaka anayesema marehemu alikuwa mtu wa mila na mjane anayesema mumewe alikuwa mtu wa dini. Huo ni ugomvi wa kila siku, na kwa kawaida haumhusu Mungu wala mizimu. Kila upande umeshapiga hesabu zake.

Niongeze kwamba kanuni za 1963 ziliandikwa kwa ajili ya makabila ya ukoo wa baba. Waluguru, kwa mfano, ardhi yao ilipita upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti ambayo baba hakuwa nayo. Anayesema "mila zetu Waafrika" kana kwamba ni kitu kimoja anasahau nusu ya Morogoro na sehemu kubwa ya kusini.

Kanuni hizo zimewaumiza watu halisi. Wajane wawili wa Shinyanga, wote mafundi cherehani, waliondolewa na ndugu wa waume zao katika nyumba walizoishi na waume hao. Walikwenda Mahakama Kuu kuomba kanuni hizo zitamkwe kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba zina ubaguzi, lakini ikaona kuzifuta kwa hukumu kungefungua mlango wa kupinga kila mila nchini. Rufaa yao ilikwama mwaka 2010 kwa dosari ya kiufundi katika nyaraka. Wakaenda mbali zaidi, kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikasema Tanzania ilivunja haki zao. Walishinda, ila ilichukua miaka mingi, na muda wote huo mtu mwingine alikuwa anaishi kwenye nyumba zao.

Linganisha na Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia halali. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza, tarehe 24 Agosti 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000. Jamaa wa ukoo, Bernardo Ephrahim, alifungua kesi akidai mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba mwanamke ana haki ileile aliyonayo mwanamume wa ukoo huo. Hukumu hiyo hutajwa sana kwa upande wa haki za wanawake, na inastahili. Mimi huitazama pia kwa upande wa yule baba. Aliishi chini ya mila isiyompa binti yake uwezo wa kuuza, naye akaandika wosia. Bila karatasi ile Holaria asingekuwa na cha kuuza wala cha kutetea.

Basi wosia una nguvu, lakini nguvu yake iko katika namna ulivyofanywa, na hapa ndipo watu wengi wema wanapokosea. Kila sheria ina masharti yake ya mashahidi. Kwa kanuni za mila, wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi, kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, unataka angalau wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hajui, wanne. Uandikwe kwa wino usiofutika, kamwe usiandikwe kwa penseli, utiwe saini au dole gumba. Na mke au wake waliopo nyumbani nao washuhudie. Sasa tazama sheria ya 1865: inataka mashahidi wawili, na inasema shahidi aliyeachiwa kitu katika wosia, au ambaye mume au mke wake ameachiwa kitu, anakipoteza. Saini ya mke ambayo kwa mila inautia nguvu wosia, kwa sheria nyingine inamnyang'anya mke fungu lake. Ndiyo maana nasema anayeandika wosia bila kujua sheria inayomhusu anacheza na riziki ya watu. Sheria hiyo ya 1865 ina mtego mwingine: ndoa mpya inaufuta wosia wa zamani. Mjane anayeolewa tena au mgane anayeoa tena aandike upya, hata kama moyoni hajabadili neno.

Kumnyima mtu urithi ni jambo zito kuliko wengi wanavyodhani. Mila inaruhusu kwa sababu maalumu, kama mrithi kumshambulia mzazi au kumtelekeza katika njaa na maradhi, na inataka sababu itajwe na anayenyimwa apate nafasi ya kujieleza. Mwaka 2021 Mahakama Kuu, Dar es Salaam, ilikataa wosia uliodaiwa kuwa wa mfanyabiashara Reginald Mengi, aliyefariki mwaka 2019. Kati ya mambo yaliyopimwa ni hali ya afya yake wakati wosia ulipoandikwa, na kwamba watoto wake wakubwa waliachwa nje bila sababu kuelezwa. Mtu aliyeweza kuwalipa mawakili wote mjini, na bado karatasi haikusimama. Ukiwa na nia ya kumpa mmoja zaidi ya mwingine, ieleze nia hiyo kwa maneno, mbele ya mashahidi ambao hata unayempunguzia atawaheshimu, na ikibidi ambatanisha barua ya daktari inayosema siku ile ulikuwa mzima.

Kwa Mwislamu mafungu yameshapangwa katika Suratun-Nisaa, na wengi husema basi wosia wa nini. Wanakosea. Anayo theluthi ya mali ya kuusia, na kwa mafundisho ya Sunni ambayo wengi wa Waislamu wa pwani wanayafuata, theluthi hiyo haiendi kwa aliye mrithi tayari isipokuwa warithi wengine waridhie. (Mashia Ithnaasheri wanaruhusu hata kwa mrithi, ndani ya theluthi.) Kwa hiyo theluthi ni ya wale ambao mafungu yamewaacha nje. Mjukuu ambaye baba yake alitangulia, na sasa ami zake wanamzuia. Mtoto wa kulea aliyekulia nyumbani tangu mchanga. Mtoto wa nje ya ndoa, asiyerithi kwa baba. Mke Mkristo, kwa sababu tofauti ya dini inakata urithi. Fikiria wangapi katika koo zetu wameangukia humo, na wangapi walitolewa nyumbani baada ya arobaini kwa sababu mzee aliona haya kuwataja kwenye karatasi. Aibu ya nusu saa mbele ya wakili au shehe ingewapa paa.

Hapo hapo niseme juu ya nyumba za pembeni, bila kumhukumu mtu. Mwanamume mwenye watoto ambao familia ya kwanza haiwajui amewaandalia watoto hao fedheha ya kujitambulisha wenyewe msibani. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kunyimwa matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake. Ila mtoto wa miaka saba hawezi kwenda mahakamani kudai kifungu. Andika majina yao.

Turudi kwa msimamizi, maana yeye ndiye kiini. Pasipo wosia, ndugu hukaa kikao. Wengi tumeuona muhtasari wake: karatasi ya mistari iliyochanwa katikati ya daftari, juu yake tarehe na jina la mtaa, ajenda ya kwanza kufungua kikao, ya pili kumpendekeza msimamizi wa mirathi, ya tatu mengineyo. Chini kuna majina ya waliohudhuria, uhusiano wao na marehemu, saini, dole gumba la bibi, na muhuri wa serikali ya mtaa. Jina la mjane huwa la tano au la sita. Mara nyingi karatasi hiyo haina orodha ya mali hata moja. Watu ishirini wametia saini ya kumkabidhi mtu kitu ambacho hakuna aliyekiandika. Kikao hakimteui msimamizi. Kinapendekeza tu, na anayeteua ni mahakama. Lakini ukoo ukishaipeleka karatasi ile na hakuna aliyepinga baada ya tangazo, hakimu ana sababu gani ya kukataa?

Neno "msimamizi" likitamkwa msibani watu husikia "mrithi mkuu". Ndugu aliyeteuliwa naye husikia hivyo hivyo, na baada ya miezi kadhaa kodi za wapangaji zinaingia kwenye simu yake. Sheria inasema vingine. Katika Mahakama ya Mwanzo msimamizi anatakiwa awasilishe taarifa ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa. Katika mahakama za juu ana miezi sita ya kuwasilisha orodha ya mali na mwaka mmoja wa kuwasilisha hesabu. Mahakama ya Mwanzo inaweza kumtaka atoe dhamana. Inaweza kumteua mtu mwingine mwadilifu asiye na upande. Inaweza kumwondoa. Na katika kesi ya Sekunda Mbwambo dhidi ya Rose Ramadhani, iliyoripotiwa mwaka 2004, Mahakama Kuu ilieleza kwamba msimamizi anaweza kuwa mjane, mzazi, mtoto au jamaa mwingine wa karibu, na kama hao hawapo au hawafai, mtu yeyote anayeaminika. Kipimo ni kama ataifanya kazi kwa uaminifu na bidii. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima awe kaka wa marehemu.

Kwa hiyo mjane anayesoma haya, na mimi namwandikia yeye kuliko mtu mwingine yeyote: una haki ya kuomba usimamizi wewe mwenyewe. Una haki ya kupinga jina lililopendekezwa kabla halijathibitishwa. Miezi minne ikipita bila taarifa, una haki ya kwenda kwa karani wa mahakama ileile ukauliza jalada. Usisubiri mpaka mnunuzi aje na futi ya kupimia.

Mahakama yenyewe ichaguliwe vizuri. Mahakama za Mwanzo zilipewa mamlaka ya mirathi inayofuata mila au Uislamu, na yamewahi kufutwa mashauri yaliyodumu miaka kwa sababu marehemu alikuwa Mkristo na shauri lilifunguliwa pasipostahili. Ulizeni kabla ya kulipa ada.

Anayeandika wosia huchagua mtekelezaji wake mwenyewe, na hiyo ndiyo faida kubwa ya wosia kwa familia ya kawaida, kubwa hata kuliko uhuru wa kugawa. Chagua wawili, ili mmoja asiuze peke yake gizani. Mmoja awe wa ndani, anayejua shamba liko wapi na nani anadaiwa. Mwingine awe wa nje, asiye na fungu. Andika atakayeshika nafasi wakifa au wakishindwa. Waambie wangali hai, na wakubali. RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, huandaa na kuhifadhi wosia, na ndani yake ipo ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu, ambayo inaweza kusimamia mirathi isiyo na mtu wa kuaminika. Wosia uliofichwa chini ya godoro hufukuliwa na anayetandika kitanda, na si lazima awe ndiye unayemtaka.

Hata mtekelezaji mwema atakwama kama mali haina karatasi. Nyumba ngapi za Kariakoo na Magomeni bado zina jina la babu? Baba alifariki bila kuhamisha, sasa na wajukuu wanazeeka. Ili mmoja wao auze chumba kimoja, lazima mirathi mbili au tatu zifunguliwe moja juu ya nyingine. Kabla ya wosia, tengeneza hati. Kama ni leseni ya makazi, iwe ya jina lako. Kama ni shamba la kijijini, fuatilia hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaikatalia nguvu mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki. Mke na mume wakiandikwa wote kwenye hati, waulize maofisa ardhi umiliki huo ni wa aina gani. Katika umiliki wa pamoja usiogawanyika, mmoja akifariki mwenzake anabaki na mali yote. Katika umiliki wa hisa, hisa ya aliyefariki inaingia kwenye mirathi yake. Mstari huo mmoja unaweza kumweka mjane kwenye nyumba yake au ukamtoa, na watu husaini bila kuusoma.

Na yule "ndugu wa karibu" uliyemjaza kwenye fomu ya benki hajawa mrithi wako. Jina lake lipo ili atafutwe. Fedha za akaunti na za simu hufuata mirathi, na mafao ya mifuko ya hifadhi ya jamii yana kanuni zake za wategemezi. Nimesikia ndugu wakigombana mpaka kupigana kwa sababu ya fomu ambayo marehemu aliijaza siku ya kwanza kazini, kabla hajaoa.

Sasa tuangalie njia ambazo mali hutoka mkononi mwa mtu kabla hajafa. Iliyo rahisi ni zawadi, hiba kwa Waislamu. Baba mzima wa afya anaweza kumpa binti yake nyumba leo, binti akapokea na kukabidhiwa, na nyumba hiyo haimo tena kwenye mirathi. Ikitolewa katika maradhi ya mauti, sheria ya Kiislamu inaihesabu kama wosia na kuibana kwenye theluthi. Mtume aliasa wazazi wawe waadilifu kati ya watoto wanapotoa. Hatari iko upande wa pili: wazee waliogawa kila kitu mapema wakabaki wageni nyumbani kwao. Anayetoa nyumba anayoishi aandike ndani ya hati ya kutoa kwamba yeye na mwenzi wake wataishi humo mpaka kufa, na asimsikilize anayemwambia kuandika hivyo ni kutomwamini mtoto.

Pwani ilikuwa na jibu lake la kale, wakfu. Mwenye nyumba anaisimamisha: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi; kodi yake inakwenda kwa walengwa na mutawalli anaisimamia. Majengo mengi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ni wakfu. Uko wakfu wa msikiti na maskini, na uko wa kizazi, wa watoto na wajukuu kwanza, kisha maskini uzao ukikatika. Wakoloni waliutilia shaka huo wa pili. Baraza la Rufaa la Mfalme kule London liliukataa katika kesi ya India mwaka 1894, India ikatunga sheria ya kuurudisha mwaka 1913, lakini baadaye baraza hilohilo likaupiga tena wakfu wa kizazi katika kesi iliyotoka Kenya, ya familia ya Bakhshuwen, iliyoripotiwa mwaka 1952. Majaji wa mbali waliona sadaka kwa maskini iko mbali mno kuwa sadaka ya kweli. Hawakuona kwamba kwa aliyeweka wakfu, kumlisha mjukuu nako ni ibada.

Zanzibar leo ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, iliyowekwa kwa sheria namba 2 ya mwaka 2007, ambayo pia hushughulikia mirathi za Waislamu. Anayefikiria wakfu aanzie kwao. Na afikirie matengenezo. Nyumba nyingi za wakfu zilianguka kwa kuwa kodi ilikuwa ndogo na hati haikusema fungu gani la kodi liende kwenye bati na chokaa kabla ya walengwa kula. Wakfu usiotengewa fedha za ukarabati unaishia kuwa kiwanja chenye kesi.

Udhamini wa familia unafanana na wakfu kwa jambo moja kubwa: mali inahamia kwa wadhamini, nao wanaishika kwa faida ya wengine. Msingi wake Tanzania ni sheria ya Kiingereza iliyopokelewa tarehe 22 Julai 1920, na sheria yetu ya kusajili wadhamini imetumiwa zaidi na makanisa, misikiti, shule na jumuiya kuliko na familia. Kenya mwaka 2021 ilirekebisha sheria yake na kuutaja udhamini wa familia waziwazi. Ndiyo maana Nairobi mawakili wanauuza kwa nguvu, na wimbi hilo linakuja Arusha na Dar es Salaam.

Nina wasiwasi na jinsi unavyouzwa. Familia yenye nyumba moja na ekari tatu haihitaji udhamini kamili wenye gharama za hati, uhamisho na hesabu za kila mwaka. Inahitaji hati safi na wosia wenye watekelezaji wawili waaminifu. Kampuni ya familia nayo hupendekezwa, na kwa biashara inafaa kwa kuwa kampuni haifi. Ila hisa za marehemu katika kampuni hiyo bado zinapita mahakamani kama mali nyingine, jambo ambalo anayeliuza wazo hilo huwa halitaji.

Mahali ambapo udhamini hauna mbadala ni pale mnufaika anapokuwa hawezi kushika mali mwenyewe: watoto wadogo, au mtoto mwenye ulemavu wa akili atakayetunzwa maisha yake yote. Unaweza kuuweka ndani ya wosia, ukaanza kazi baada ya kifo. Kodi ya vyumba vinne iende akaunti yenye saini mbili. Ada ilipwe moja kwa moja shuleni, dawa moja kwa moja hospitali. Wadhamini wasinunue mali hiyo wala kukopa kwayo. Kwa wadogo, iandikwe umri ambao udhamini utakwisha, na umri huo usiwe 18; miaka 25 inampa kijana muda wa kumaliza chuo kabla hajapewa nyumba. Kwa mwenye ulemavu, iandikwe atakayeishi naye, na iandikwe kwamba huyo anayeishi naye hashiki fedha.

Jambo moja zaidi karibu hati zote husahau. Mtoto huyo hatakuja kudai hesabu. Binti wa miaka sita hajui kwamba mdhamini anadaiwa taarifa, na kijana mwenye ulemavu hatajua kamwe. Iandikwe kwa jina mtu asiye mdhamini wala jamaa wa mdhamini, padri, mwalimu mkuu mstaafu, mama mdogo aliye Mwanza, ambaye kila Januari lazima aletewe hesabu na risiti, na ambaye hati inampa haki ya kwenda mahakamani kwa jina la mtoto kama hazikuletwa.